Kwa nini kiima kimoja kinapatanishwa mara mbili?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha sekondari huku Rungwe, na likizo nasomea shahada ya umahiri. Tasnifu yangu inahusu sintaksia ya Kinyakyusa kwa mkabala wa Programu ya Minimali ya mwanaisimu Chomsky, inayotaka sentensi zielezwe kwa mitambo michache iwezekanavyo. Nimekwama hapa: nasoma kwamba kirai nomino kikishapata uhusika (alama ya kisarufi, hata isiyosikika, inayokipa nafasi yake katika sentensi) hakiwezi kupatanishwa tena. Mbona sisi tunasema "Wakulima walikuwa wanavuna parachichi", kiima kimoja na wa- mbili? Halafu msimamizi wangu anataka nichore vifundo vya AGR, yaani vya upatanisho, kwenye mchoro matawi. Nichore?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako la kwanza ndilo zito, la pili nitalimaliza haraka.

Kanuni yenyewe wengi huikariri bila kuona inavyofanya kazi. Katika mfumo alioutoa Chomsky mwaka 2000, kichwa cha njeo (kipashio kinachobeba wakati na kuongoza kirai chake) huingia kwenye sentensi kikiwa na mapengo: hakijui nafsi, idadi wala ngeli. Hutafuta chini yake, kwenye mchoro matawi, kirai nomino kilicho karibu zaidi na kuchukua sifa hizo kwake. Kirai nomino nacho kina pengo lake, uhusika, na hulipata papo hapo. Tangu hapo kinakuwa kama vocha iliyokwisha kuingizwa kwenye simu: kichwa kingine kikija hakipati kitu. Kwa Kiingereza hesabu inatoka vizuri, kwa sababu kitenzi kisaidizi peke yake ndicho kinachopatana na kiima.

Kwa Kibantu haitoki. Mwaka 2001 mwanaisimu Vicki Carstens aliishughulikia miundo ya Kiswahili ya aina hiihii uliyoitaja. Alisema kichwa cha chini, kile cha hali (namna tendo linavyoendelea) kinachobeba -na-, kinapatana na kiima lakini hakina uhusika wa kukipa. Kwa hiyo "wakulima" wanapanda hadi kwenye njeo wakiwa bado hawajakamilika, na njeo inapatana nao upya. Kwa sentensi yako, jibu hilo linatosha.

Lakini usiishie hapo, maana mtahini hataishia hapo. Chukua "Wakulima wanaonekana walivuna mapema." Kishazi cha chini kina -li-, njeo kamili isiyo na mjadala. Kama njeo ndiyo inayotoa uhusika, wakulima walishaupata hukohuko chini. Wa- ya "wanaonekana" imetoka wapi?

Mtu anaweza kukujibu kwamba "wakulima" hawakupanda popote: wamezaliwa juu, ndio wanaoonekana kwa macho. Pingamizi hilo lipime kwa nahau, kwa kuwa nahau haizaliwi vipandevipande. Nikisema "Maji yanaonekana yalizidi unga tangu mwaka jana", kwa sikio langu maana ya mambo kumshinda mtu bado ipo, wala hakuna anayewaza sufuria. Basi "maji" yalianzia chini pamoja na "unga", kisha yakapanda. Tafuta nahau ya Kinyakyusa ambayo kiima ni sehemu yake, uifanyie jaribio hilohilo kwa wasemaji kadhaa. Waulize maana wanayoipata. Ukiwauliza tu kama sentensi ni sahihi, watakuitikia kwa adabu.

Mwaka 2011 Carstens alikwenda mbali zaidi. Alisema kinachoiweka nomino ya Kibantu hai, yaani tayari kupatanishwa tena, ni ngeli. Ngeli imo ndani ya nomino tangu mwanzo, haisubiri kupewa thamani na kichwa chochote, kwa hiyo haifungwi baada ya matumizi ya kwanza. Ndiyo maana ki- inarudi na kurudi katika "kitabu changu kimoja kilikuwa kimepotea". Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo, hivyo nomino yake inatumika mara moja tu.

Michael Diercks, katika makala yake ya 2012, alichukua njia nyingine: huenda lugha nyingi za Kibantu hazina uhusika huo dhahania kabisa. Tazama "Shambani kumeingia nguruwe." Kitenzi kimepatana na mahali, kwa ku-. Nguruwe kabaki nyuma bila upatanisho wowote, na sentensi haina kasoro. Nani kampa uhusika? Kama haupo, hakuna kitu cha kuizima nomino, na swali lako linayeyuka lenyewe. Mimi naegemea huku, kwa sababu roho ya Minimali ni kupunguza mitambo kabla ya kuongeza mingine.

Ila kwako wewe kuna jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kukusaidia. Kinyakyusa kina irabu tangulizi: umundu, abandu, ile u- na a- ya mwanzo. Claire Halpert, akichunguza Kizulu, ameonyesha kwamba nomino iliyovuliwa irabu hiyo haikai popote inapotaka, inabanwa ndani ya kirai kitenzi. Akahitimisha kwamba uhusika wa namna fulani upo. Kwa hiyo ziondoe irabu hizo katika data yako: kwenye kiima kabla ya kitenzi, kwenye kiima kilichobaki nyuma ya kitenzi, kwenye yambwa (mtendwa) baada ya kitenzi kanushi. Andika panapokubalika na panapokataliwa. Kama hakuna tofauti yoyote, Diercks anapata nguvu. Kama ipo, sura yako ya nne imejiandika. Usikopi mifano ya Kiswahili na kuibandika majina ya Kinyakyusa, kwa hili lugha hizi mbili hazilingani.

Kuhusu AGR: usichore. Vifundo hivyo vilitokana na kazi ya Pollock ya 1989 ya kukipasua kifundo kimoja cha viambishi vya kitenzi kuwa cha njeo na cha upatanisho, na Chomsky mwenyewe alivitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika sura ya mwisho ya kitabu chake cha 1995 akaviondoa, kwa hoja kwamba havibebi maana yoyote, tofauti na njeo. Weka sifa za upatanisho ndani ya kichwa cha njeo na cha hali. Msimamizi akishikilia msimamo, mwombe kwa heshima akuruhusu kueleza uamuzi huo katika aya moja ya sura ya nadharia, uandike na mwaka.