Muulize Mkutubi: Unalipia vitu ambavyo ada yako imeshalipia

Wiki hii meseji nyingi zimetoka vyuoni, msimu wa dizateshen ndo huu kila mtu kichwa kinamuwaka. Nimechukua tano, zile ndefu nimezikata kidogo wenyewe mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa tatu, nimerudi nyumbani kukusanya data. Supavaiza anataka atiko za kuanzia 2018 kuja juu na kila nikibonyeza naambiwa lipa dola. Kuna jamaa wa steshenari ananidaunlodia kwa elfu mbili mbili, mpaka leo nimempa elfu arobaini na sita afu zingine kaniletea ukurasa wa kwanza tu. Hakuna njia nyingine? (Boom Limekata, Singida)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Elfu arobaini na sita jamani! Haya, sikiliza. Vyuo vya Tanzania vina umoja wa maktaba zao unaitwa COTUL, maktaba zinachangishana kulipia majarida ambayo chuo kimoja peke yake kisingeweza (Kenya wana wa kwao, KLISC), na juu ya hapo kuna Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzifikishia majarida nchi zenye kipato kidogo, ilianza 2002 na Hinari ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya mambo ya afya, ikaja AGORA ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ya kilimo na nyingine nyingine, nchi kama zetu zinapata bure au kwa hela kidogo sana. Ila anayesajiliwa ni chuo, sio wewe. Kwa hiyo ukiwa kampasi kwenye waifai ya chuo mlango unafunguka wenyewe maana tovuti ya jarida inatambua mtandao wa chuo, ukiwa Singida kwa bando lako haikujui, inakuona mpita njia ndo inakutajia bei. Huyo jamaa yako sitashangaa kama anatumia paswedi ya mwanafunzi mwenzako.

Vyuo vingi siku hizi vina njia ya kuingilia ukiwa mbali, unalogini na namba yako ya usajili kama uko kampasi vile. Waandikie maktaba leo, imeili au ile namba yao ya WhatsApp kama wanayo, sema jina, rejista namba, kozi, uliza "naingiaje nikiwa nje". Na kama kuna atiko moja imekushinda kabisa watumie kichwa chake chote na mwaka, usiandike "naomba materio ya malaria", hapo mkutubi atakusaidia nini? Mimi kwenye kaunta nimeshaombwa "kile kitabu cha bluu".

Ukiwa unasubiri majibu ingia Google Scholar, ile Google ya kutafutia kazi za kitaaluma, chini ya kila atiko pana sehemu ya matoleo mengine, bonyeza, mara nyingi kopi ya bure imelala kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo cha mwandishi. JSTOR, maktaba ya majarida ya mtandaoni, nao ukifungua akaunti yako mwenyewe wanakuachia kusoma atiko 100 kwa mwezi bila hela, kusoma palepale mtandaoni lakini, sio kudaunlodi. Na mwandishi mwenyewe muandikie, imeili yake iko ukurasa wa kwanza, huo si tayari unao.

SWALI: Mimi nalia tu. Kazi yangu niliiandika mwenyewe neno kwa neno. Nikaogopa nikamlipa mtu aipitishe Turnitin kwanza, akaniambia 11% safi kabisa. Nimeipeleka chuo imesoma 94%. Nimeitwa kwenye kikao. Naonekana mwizi. (Sina Hatia, Morogoro)

JIBU: Pole sana, na usilie, hii naijua. Turnitin, hiyo programu ambayo vyuo vinapitishia kazi za wanafunzi, haipimi wizi, inapima maneno yanayofanana na yaliyoko kwenye ghala lake, basi. Sasa yule uliyemlipa alipoipandisha kazi yako hakuzima ile sehemu ya kuhifadhi, kazi ikabaki ghalani kwa jina la chuo au akaunti anayoitumia yeye, ulipoipeleka chuoni mashine ikakuta pacha wake. Yani umefanana na wewe mwenyewe!

Cha kufanya, kabla ya kikao nenda maktaba, sehemu nyingi wao ndo wanaoisimamia hiyo programu au wanajua anayeisimamia, omba ripoti kamili, sio ile asilimia peke yake. Ukifungua utaona chanzo kimoja kikubwa kimeandikwa kazi ya mwanafunzi iliyowasilishwa mahali fulani, na ukilinganisha ni yako mwanzo mwisho. Mwalimu anaweza kukiondoa hicho chanzo kwenye hesabu na namba ishuke palepale. Beba na drafti zako za zamani, meseji za supavaiza, dodoso zilizojazwa, chochote kinachoonyesha kazi ilikua mikononi mwako. Na sema ukweli kwamba ulimlipa mtu, usifiche, ukificha wakaja kugundua ndo utaonekana mwizi kweli. Maktaba nyingi zinapitisha drafti bila kuihifadhi na bila hata mia, sijui kwa nini hawalitangazi hili kwa sauti, hapo nawalaumu wenzangu.

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni mhadhiri msaidizi, natafuta kupanda daraja. Nimepata imeili ya jarida la kimataifa, wanasema makala yangu itapitiwa na kutoka ndani ya siku tano kwa dola 150. Mwenzangu ametoa huko tatu. Niende? (Mwalimu, Mbeya)

JIBU: Usiende mwalimu. Siku tano nani amesoma? Makala ikisomwa na watu wawili wanaojua kitu, wakakurudishia marekebisho, hesabu miezi. Majarida ya mchongo hayajaanza leo, kuna mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado pale Denver, Jeffrey Beall, alikaa miaka anaorodhesha wachapishaji wa namna hiyo mpaka Januari 2017 alipoishusha orodha yake mtandaoni. Mkutubi, umeona? Hii ni kazi yetu kabisa ila wahadhiri mnakuja maktaba kuazima tu, tena kitabu mnakaa nacho miaka mitatu.

Liangalie hilo jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, na kwa majarida ya Afrika pitia tovuti ya AJOL. Kutokuwemo peke yake sio ushahidi kwamba ni feki, kuwemo nako sio cheti cha ubora, ila ni pa kuanzia. Halafu mtumie mkutubi wa kitivo chako jina na linki, mwombe aangalie wahariri waliotajwa ni watu wa kweli na kama wenyewe wanajua kwamba wametajwa. Huyo mwenzako aliyetoa tatu sina la kumwambia.

SWALI: Dada, marehemu babu yangu alikua mtu wa ngoma Usukumani zamani za mkoloni. Nataka niandike historia yake, mimi sio mwanafunzi wa popote. Maktaba ya chuo nitaruhusiwa? (Mjukuu, Magu)

JIBU: Swali nililolipenda kuliko yote. Nenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wanaijua ile maktaba mpya kwa ukubwa, iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018, inakalisha watu 2,100 kwa mpigo, lakini wewe uliza mkusanyiko wa East Africana, vitabu na makaratasi yanayohusu Afrika Mashariki. Humo mna makaratasi ya Hans Cory, mtu wa Austria aliyefanya kazi serikali ya mkoloni Tanganyika, alizunguka sana Usukumani akiandika mila, sheria za kimila, vyama vya ngoma, mpaka alipofariki 1962. Sikuahidi kwamba utakuta jina la babu, ila ngoma yake unaweza kuikuta. Na yasome ukijua ni macho ya mtu wa serikali, wazee hawakumwambia kila kitu.

Wasio wanafunzi huwa wanaomba kibali, wengine wanachaji kidogo, kwa hiyo andika kabla hujapanda basi, taja unatafuta nini na siku ngapi. Vitu vya humo havitoki nje, unasoma hapohapo, na kabla hujapiga picha kwa simu uliza. Beba penseli, makusanyiko mengi ya aina hii hawataki kalamu ya wino karibu na karatasi za zamani.

SWALI: Mwanangu kamaliza chuo, wanamzuilia cheti sababu ya kitabu kimoja cha maktaba anachosema alirudisha. Ni haki? (Mama Wawili, Mbagala)

JIBU: Mama yangu, fomu ya kliarensi (ya kuonyesha hudaiwi kitu chuoni) bila sahihi ya maktaba haiendi, hiyo iko karibu kila chuo. Lakini aombe waende naye shelfuni wakaangalie, vitabu vinarudishwa vinapangwa bila kufutwa kwenye kompyuta, nimeona kwa macho yangu si mara moja. Kisipokuwepo aulize kama wanapokea nakala nyingine ya kitabu kilekile badala ya faini, mara nyingi inatoka nafuu. Na kabla ya yote amuulize aliyekua anakaa naye chumba kimoja hosteli.