Mbona platinamu huchakaa ndani ya seli za haidrojeni?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Platinamu naijua kutokana na ekzosi: haishiki kutu wala haiungui. Iweje basi nisome kwamba katika magari ya haidrojeni huchakaa mapema, na wataalamu wanafanya nini ili idumu?

JIBU: Ndugu fundi, usemayo ni kweli kwa platinamu iliyo kipande kizima. Ndani ya seli, yaani kifaa kinachounganisha haidrojeni na oksijeni ya hewa ili kutoa umeme, platinamu ndiyo kichocheo kinachoharakisha kazi hiyo; hata hivyo, madini hayo husambazwa kama chembe za nanometa 2 hadi 5 juu ya unga wa kaboni, ili gramu moja tu iwe na uso wa makumi ya mita za mraba, na chembe ndogo kiasi hicho hazitulii. Kila dereva akikanyaga mafuta na kuachia, volti hushuka na kupanda, na atomi chache za platinamu huyeyuka katika utando wenye asidi, kisha baadhi yake hunasa kwenye chembe kubwa zaidi. Tazama mchuzi unaopoa sufuriani, jinsi vijitone vya mafuta vinavyoungana kuwa matone mapana: mafuta ni yale yale, ila matone yamepungua. Ndivyo uso wa kichocheo unavyopungua hali sehemu kubwa ya platinamu bado imo.

Kibaya zaidi ni kuwasha na kuzima. Hewa iliyojipenyeza upande wa haidrojeni inapokutana na gesi mpya, volti za upande wa pili, ule wa hewa, zaweza kufika karibu 1.5, kaboni ikageuka kuwa kaboni dioksidi, na chembe zikakosa pa kushikilia.

Wataalamu huchanganya platinamu na kobalti, kama ilivyofanywa katika Toyota Mirai, na hutumia kaboni iliyochomwa kwa joto kali ili iwe sugu. Kwa maoni yangu, manufaa ya haraka zaidi yamo katika uendeshaji: betri ibebe mishtuko ya mwendo, na volti zisiachwe zipande kupita kiasi. Wizara ya Nishati ya Marekani imeweka lengo la saa 25,000 kwa malori ya masafa marefu, na sioni namna ya kulifikia kwa madini pekee.

Gesi nayo iwe safi. Kaboni monoksidi, ambayo kichocheo cha ekzosi huiteketeza, hapa hung'ang'ania platinamu kwenye joto la nyuzi 80 hivi na kuiziba, ndiyo maana kiwango cha kimataifa huruhusu sehemu 0.2 tu kwa milioni.

Ukiletewa gari la namna hiyo gereji, uliza limewashwa na kuzimwa mara ngapi kabla ya kuuliza limekwenda kilomita ngapi.