Kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) kwenye GPS ya mkononi: maswali kutoka Mwanza na visiwani

Nimetengeneza ramani ya Mwanza kwa data za OpenStreetMap, lakini kwenye GPS yangu ya Garmin Ziwa Victoria halipo kabisa. (Nyegezi)

Umelipoteza wakati wa kukata data. Ziwa lote ni umbo moja, na ufuko wake umeungwa kwa vipande vingi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Ukikata mstatili wa Mwanza tu, vipande vya mbali vinabaki nje na umbo halifungi. Hapo mkgmap, programu inayojenga ramani za Garmin, haijui maji yako upande gani: ama ziwa linatoweka, ama linafunika nchi kavu. Kata kwa programu ya osmium, amri `osmium extract -s smart`, inayobeba maumbo ya namna hii yakiwa mazima. Likikataa bado, faili la Tanzania halina ufuko wote; anza na la Afrika nzima kutoka Geofabrik, tovuti ya kupakua data za OpenStreetMap. Ni kubwa, lipakue penye intaneti nzuri.

Kontua ziwe kila mita ngapi? (Ilemela)

Kumi. Data za mwinuko za SRTM zilipimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, na nukta zake zimeachana mita 30 hivi. Rada ilipima hadi vilele vya miti na mapaa, kwa hiyo kontua za mita 5 zitakuchorea miembe badala ya ardhi. Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, usilitafute kwenye kontua, ni dogo mno. Tumia pyhgtmap, programu ya kuchora kontua, na `--step=10 --line-cat=100,50`. Mji uko kwenye kigae (kipande cha data cha digrii moja) S03E032, ila longitudo 33 inapita karibu tu mashariki yake; bila S03E033 kontua zitakatika ghafla ukielekea Magu.

Nikiwasha kontua, barabara zinafichika. (Nansio)

Zijenge kwa mkgmap kama ramani ya peke yake, kwa `--transparent --draw-priority=28`, ili iwe angavu na ichorwe juu; ramani ya chini, yenye barabara, ibaki na 25 ya kawaida. Zipe pia `--family-id` na `--mapname` tofauti, maana namba zikigongana kifaa huchanganya ramani hizo mbili.

Karatasi ya zamani ya 1:50,000 niliyoiskani inakaa kando ya barabara halisi. (Magu)

Karatasi hizo ni za Arc 1960, GPS ni WGS 84; ni mifumo miwili tofauti ya kupima mahali. Ukisoma namba zake kama WGS 84, kila kitu kinasogea takriban mita 300 kaskazini. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, chagua EPSG:21036 (namba ya Arc 1960 kwa eneo hili) kwanza, ndipo ubadilishe kwenda WGS 84. Vipande vya JPEG visizidi pikseli 1024 kwa 1024, na faili la KMZ linalovibeba liingie folda ya CustomMaps kwenye Garmin.