Kufufua Mini ya Zamani: Maswali Yenu na Majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu Mini ya asili, ile iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuundwa Uingereza kuanzia 1959 hadi 2000.

Nimenunua Mini ya 1972. Rangi yake inang'aa, lakini fundi anasema imeoza. Nianzie wapi?

Huenda fundi wako anasema kweli. Mini haina chasisi ya kubeba bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayolishikilia gari zima, kwa hiyo kutu ikishaingia sakafuni au kwenye kingo za chini ya milango, ni ugonjwa wa mifupa wala si wa ngozi. Liweke gari juu ya stendi imara, toa mazulia yote, kisha gongagonga kila pembe kwa bisibisi. Panapotoa mlio uliofifia, mara nyingi kuna puti iliyofunika tundu. Fremu ya nyuma, inayoshika magurudumu, ichunguze kwa makini zaidi, maana hupokea maji na tope lote linalorushwa na matairi.

Kabla ya kukata ukingo wowote, chomelea vyuma vya muda kuvuka nafasi ya mlango, na kila unapomaliza hatua moja ujaribu kuufunga mlango wenyewe. Bodi iliyokatwa bila egemeo hujipinda, na mlango usiokaa sawa hautaponywa na rangi ya bei yoyote. Rangi ije mwisho kabisa.

Nataka kutoa injini ya cc 848 niweke ya cc 1275. Itaingia?

Itaingia, kwa sababu zote mbili ni za ukoo mmoja wa injini uitwao A-Series na hufungwa katika fremu ileile. Kwa kuwa giaboksi iko chini ya injini na huja pamoja nayo, hakikisha mapema kwamba fito za kubadilishia gia zinalingana na sakafu ya gari lako.

Hata hivyo, nakusihi uanze na breki. Mini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 34, ilhali Cooper S, toleo la Mini lenye kasi zaidi, ya cc 1275 ilifikia 76, na breki ndogo za dramu hazikuundwa kwa kazi hiyo. Diski za inchi 7.5 zilizotumika kwenye Cooper S huenea ndani ya magurudumu ya inchi 10. Za inchi 8.4, zilizokuja 1984, zinadai magurudumu ya inchi 12. Kwa hiyo unapochagua breki unachagua na magurudumu. Mimi ningebaki na inchi 10, kwani ndipo wepesi wa usukani unaolifanya gari hili lipendwe hubaki kamili.

Je, oili nyepesi ya kisasa inafaa?

Haifai. Oili ileile hulainisha injini na gia, na meno ya gia huisaga upesi. Tumia oili nzito ya madini ya daraja la 20W-50 na uibadilishe kila kilomita 5,000 hivi. Ukifungua kizibo cha kumwagia oili, tazama sumaku yake: ujiuji laini wa kijivu ni jambo la kawaida, lakini ukishika vipande vya chuma kwa vidole, usiliwashe gari tena kabla giaboksi haijakaguliwa.

Gari langu limeinama mbele na linarusha sana. Nitoe koni za mpira niweke springi za koili?

Koni hizo, zinazofanya kazi ya springi na zilizobuniwa na mhandisi Alex Moulton, hushuka na kuwa ngumu kwa uzee, na gari lililochoka namna hiyo humfanya mwenyewe aulaumu muundo wote. Weka kwanza koni mpya, zote za mbele kwa pamoja, pamoja na shokomzoba nzuri, uliendeshe, ndipo uamue kuhusu springi. Za mbele zisifunguliwe bila kifaa maalumu cha kuzibana, kwa maana mpira uliobanwa ukiachia ghafla huvunja mkono. Kama gari ni la kati ya 1964 na 1971, hakikisha pia kwamba badala ya koni halitumii mfumo wa maji wa Hydrolastic, ambao hutengenezwa kwa njia nyingine kabisa.