Matairi chakavu: yasipochomwa yaende wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Nina kibanda cha kuziba pancha na kubadilisha matairi kando ya barabara kuu hapa Morogoro. Wateja huniachia matairi yaliyokwisha, na sasa rundo limefika kimo cha paa. Mnunuzi wa vyuma chakavu yuko tayari kuyachukua ayachome apate waya, lakini mwenyekiti wa mtaa hataki kusikia habari ya moshi. Je, niyazike? Pia nimeachiwa mkanda mpana wa mpira uliotolewa kwenye mtambo wa kubebea kokoto.
Fundi, Morogoro

JIBU: Ndugu fundi, mwenyekiti wako ana haki. Mpira wa tairi umepikwa pamoja na salfa, kwa hiyo hauyeyuki ukamiminwa upya kama ndoo ya plastiki. Ukishika moto huvunjikavunjika ukatoa masizi, gesi za salfa na mafuta meusi yanayozama ardhini, na rundo likikolea ni vigumu mno kulizima. Bei ya waya hailipi hasara hiyo. Kuzika nako si dawa, kwa sababu tairi zima lina uwazi ndani, na baada ya muda huweza kupanda tena juu ya udongo.

Kabla ya kutafuta mnunuzi, shughulikia maji ya mvua yanayotuama ndani ya matairi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hugandisha mayai yake ndani ya tairi, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi: sugua kwa brashi ngumu, kisha yapange chini ya bati, kwani turubai lililolegea hufanya dimbwi jingine.

Halafu yatenganishe. Tairi la lori ambalo waya haujatokeza wala ubavu haujapasuka linaweza kuvishwa kiwandani mpira mpya wa kukanyagia, na hilo ndilo lenye bei. La gari dogo ni nadra kufaa. Wanaotafuta vipara, yaani matairi yaliyolika yakawa laini, ili wavichonge na kuvirudisha barabarani usiwauzie, hata wakilipa vizuri. Washona katambuga hupendelea tairi lenye nyuzi badala ya waya, kwa kuwa hukatika kwa kisu, na tyubu hukatwa kuwa kamba za kufungia mizigo. Yanayobaki husagwa kuwa chenga, au hutumika kama kuni katika tanuri la saruji, ambamo joto hukaribia nyuzijoto 1,450 za Selsiasi na waya wake huwa sehemu ya chuma kinachohitajika katika saruji. Yeyote atakayekuja na lori, muulize anayapeleka wapi na akuoneshe kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mkanda wa kokoto uweke kando. Tazama pale ulipokatwa: ukiona tabaka za kitambaa, wenye malori watauhitaji kwa vizuia tope na wafugaji kwa kutandika zizini, ukiona kamba za chuma, usiuguse kwa kisu, mwachie mwenye mashine ya kukatia.