Maswali ya Wasomaji: Inzi Bandia kwa Trauti wa Mufindi

SWALI: Mhariri, mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Mikindani, mkoani Mtwara, na nimezoea kuvua changu na chewa kwa chambo cha ngisi. Mwezi Julai nitakwenda Mufindi, mkoani Iringa, kwa shemeji yangu, aliyeniambia kuwa vijito vya huko vina samaki aitwaye trauti, anayevuliwa kwa inzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu. Nichukue inzi wa namna gani, na hali ya maji itakuwaje?

JIBU: Ndugu msomaji, Mikindani hutazama mwezi ili ujue bamvua na maji mafu, yaani siku za bahari kujaa sana na za kujaa kidogo, lakini kijito cha mlimani hutawaliwa na mvua na baridi. Trauti hustawi katika maji yasiyozidi nyuzi joto 20, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi, na ndiyo sababu samaki huyu, ambaye si mwenyeji wa kwetu bali aliletwa enzi za ukoloni, amekaa katika nyanda za juu tu.

Julai mvua kubwa zimekwisha, hivyo utakuta maji machache na maangavu, ingawa ukungu na manyunyu havikosekani. Maji maangavu yana taabu yake, kwani samaki hukuona kabla hujamwona. Yeye huelekeza kichwa maji yanakotoka. Mwendee kutoka chini ya mkondo, umeinama, na mwisho wa mshipi wako uwe uzi mwembamba sana.

Inzi usimchague kwa uzuri wa rangi. Pindua kwanza mawe mawili matatu kijitoni, nawe utaona wadudu wenye mikia mitatu waliojibana kwenye jiwe, na wengine waliojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Hao ndio chakula cha trauti kwa sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo inzi wa kuzama, wa kahawia au kijivu, aliyefungwa kwa manyoya ya sungura, ndiye ningemtegemea kuliko wote. Ndoana namba 14 na 16 zinafaa. Unajua mwenyewe kwamba namba ikipanda, ndoana hupungua. Inzi wa kuelea, kama yule wa kijivu aitwaye Adams, mtunze hadi jioni, utakapoona viduara juu ya maji, maana hapo wadudu wanatoka na samaki wanapanda kuwafuata. Kijito kikiamka na tope, funga inzi mweusi wa namba 8 au 10, umpitishe polepole karibu na ukingo.

Kitakachokusumbua zaidi ni mkono. Baharini chubwi, kile kizito cha mshipi, huivuta ndoana ikafika mbali. Inzi hana uzito, hivyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito kwa kazi hiyo. Anza mazoezi ufukweni sasa, ukifunga kipande cha uzi wa sufi badala ya ndoana, na upepo wa kusi utakufundisha kurusha chini chini. Vijito vingi vya Mufindi hupita ndani ya mashamba ya chai. Mwombe shemeji aulize mapema ruhusa ya wenye shamba, na kibali kwa afisa uvuvi wa wilaya.