Lugha gani hii? Majibu kwa wenye sauti zisizojulikana

Nina rekodi ya sekunde 40, sielewi hata neno. Nianzie wapi?

Anza na chanzo: nani kaituma, ilirekodiwa wapi, nyuma kunasikika nini. Hapo utakuwa umeshaondoa lugha nyingi kati ya zaidi ya 7,000 zilizopo duniani. Kisha kata kipande cha msemaji mmoja, kisicho na muziki, ukisikilize kwa spika za masikioni.

Sasa winda sauti adimu. Vidoko (milio ya kualisha ulimi) katikati ya maneno vinakupeleka kwenye Kizulu, Kixhosa, Kisandawe au Kihadza na jamaa zao wachache. (Katikati ya maneno, nasema. Kusonya tunasonya wote.) Sauti za kooni kama ile ʿayn ya Waarabu zimo pia katika Kisomali. Silabi ileile ikipanda na kushuka kwa namna nyingi, fikiria lugha za toni: Kichina sanifu kina nne, Kivietinamu cha kaskazini sita.

Nimesikia “dunia” na “kitabu”. Basi ni ndugu ya Kiswahili?

Taratibu! Hayo ni maneno ya Kiarabu yaliyotembea sana. Mturuki husema dünya na kitap, Mhindi duniya na kitaab, Mwindonesia dunia vilevile kama sisi. Yanakwambia palipita Uislamu au biashara, hayakwambii ukoo.

Ukoo utafute kwenye namba na maneno ya nyumbani. Tatu, nne, tano: Mnyarwanda ana -tatu, -ne, -tanu, Mganda ssatu, nnya, ttaano, Mzulu -thathu, -ne, -hlanu. Mtu ni umuntu kwa Mzulu, moto kwa Mlingala. Ukisikia mfuatano wa namna hiyo, uko kwa Wabantu, na sikio lako la Kiswahili litakusaidia kuliko programu nyingi.

Programu imesema Kihindi, rafiki anasema Kiurdu. Nimwamini nani?

Katika mazungumzo ya kawaida lugha hizi mbili ni karibu kitu kimoja, hata wenyewe huenda wasikubaliane. Subiri maneno mazito: dhanyavaad kwa “asante” huelekeza kwenye Kihindi, shukriya halisaidii, linatumika pande zote.

Kuhusu programu, jua zinavyofanya kazi. Whisper, programu ya kutambua usemi iliyotolewa mwaka 2022, huchagua kutoka orodha ya lugha zipatazo 100. Lugha isiyomo haiambiwi “sikujui”. Hubandikwa jina la iliyo jirani. Kwa hiyo usishangae Kikomori kikirudi na jina la Kiswahili. Programu nyingine, MMS ya Meta (kampuni ya Facebook), ya mwaka 2023, inatambua lugha zaidi ya 4,000. Mimi hukata vipande vitatu tofauti; majibu yakigongana, nayatupa yote.

Nina wimbo tu. Unafaa?

Kwa shida. Lahani humeza toni na kuvuta irabu. Tafuta mahali mwimbaji anapoongea na watazamaji.